Atomu Huyu

Kwa sarufi tuliyofundishwa shuleni, atomu ni hii, wala si huyu. Atomu hii imegeuka, atomu hii imetulia. Mtu akisema "atomu huyu amelala" darasa zima litamcheka, na litakuwa na haki. Lakini mimi na Tarcis tulikuwa tukisema hivyo kutwa kucha, na kiambishi hicho kidogo kikatosha kunitia matatani katika nyumba ya mama mkwe wangu.

Nianze na kilichoniweka humo. Nilikuwa kwenye eda. Mume wangu Yusuf alikuwa askari wa wanyamapori kule Saadani, na pikipiki ilimwangusha karibu na Mkange wakati mimi niko kazini Ujerumani. Maiti haiwekwi. Kesho yake mchana alizikwa, mimi ningali ndani ya ndege, nimefungwa mkanda, naletewa juisi. Niliposhuka Bagamoyo udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka.

Mama yake, Bi Mwaija, ambaye mji mzima unamwita Mama Yusuf, alinishika mikono yote miwili. "Hukumzika, mwanangu," aliniambia. "Basi mkalie eda yake humu alimozaliwa." Nikakubali. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo lililoniudhi baadaye, maana aliyefungiwa kwa kufuli walau ana wa kumlaumu.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, kuta nene kiasi kwamba mtu anaweza kulala juu yake asianguke. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja linaloangalia ua wa ndani, na mlangoni pazia. Nilivaa nyeupe, sikujipaka wanja wala manukato, sikutoka. Wanawake walikuja wakakaa mkekani, wakasema Mungu ndiye mwenye kujua, wakanywa chai, wakaondoka, wakaja wengine wakasema yaleyale. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Yusuf alikuwa akiniita Kibiriti. Nilikuwa nikiitikia "ahsante, tumeshapoa" huku vidole vya miguu nimevikunja chini ya kanga kwa kujizuia.

Kilichonipa pumzi ni kazi. Katika maabara yetu kuna mashine yenye sindano, na ncha ya sindano hiyo inaishia kwenye atomu moja tu. Unaisogeza juu ya atomu nyingine iliyolala peke yake kwenye kibao cha fedha, bila kuigusa. Pengo linabaki katikati. Kwa akili ya kawaida umeme hauna njia ya kuvuka pengo hilo, lakini elektroni hazina akili ya kawaida: chache zinapenya. Hazirukii juu, hazizungukii kando; unazikuta tu ziko upande wa pili. Sindano ikisogea karibu kidogo zinapenya nyingi, ikirudi nyuma kidogo kunakuwa kimya. Sasa, atomu ya aina ninayoishughulikia ina usumaku wake, mfano wa dira ndogo, kichwa juu au kichwa chini. Sisi wenyewe tunaita spini. Elektroni zinazopenya zinatuletea habari ya kichwa kiko wapi, na tukizituma kwa mpango zinaweza hata kukigeuza.

Taabu yake ni moja. Elektroni hizohizo zinazoleta habari ndizo zinazomvuruga mwenye habari. Ukimsogelea umwone vizuri, hatulii. Ukimwacha atulie, humwoni. Ndiyo maana mimi na Tarcis tulitafuta njia ya kumzunguka. Tulimwekea atomu wa chuma pembeni yake, sindano ikawa inamchokoza huyo wa chuma, na usumaku wa huyo wa chuma ndio uliokuwa umgeuze yeye. Wa kwanza, wa madini ya titani, tulimwita Mpweke. Wa chuma tukamwita Jirani.

Tarcis ni kijana wa Ubena, anasomea udaktari wa falsafa hapohapo maabara, na baba yake alikuwa na ng'ombe. Kwake kitu chochote kinachokataa kutii kina roho. "Dada, leo amegoma," aliniambia siku za mwanzo. Nikamsahihisha: imegoma. Akasema sawa, kesho yake akarudia amegoma. Miezi ikapita, na siku moja nikajisikia mwenyewe nikisema, "Mwache apumzike, atachoka."

Nilipokuja msibani Tarcis alibaki na mashine, nami nikawa naiendesha kwa kompyuta kutoka chumbani kwangu Bagamoyo. Mama aliruhusu. "Kazi ni dharura," alisema, "ila pazia lisibanwe." Kuta zile zilikuwa zinameza mtandao wote, simu yangu humo ndani ilikuwa kioo cha kujitazamia tu, basi akamwita fundi akashusha waya kutoka darini na kuniwekea ruta mezani. Nilimpenda kwa hilo. Nampenda mpaka leo, na usiniulize vipi.

Ilikuwa lazima nifanye haraka. Mashine ilitakiwa kuhamishiwa jengo jipya, na haihamishiki ikiwa kwenye ile baridi kali inayowatuliza atomu. Ingepashwa joto Ijumaa. Atomu akipata joto hakai mahali pake. Anatangatanga, anachanganyika na wengine, na hutampata tena hata ukilia. Mkataba wangu nao ulikuwa ukingoni. Mkuu wa maabara aliniandikia kwa adabu zake zote kwamba mkataba mpya unategemea mchoro mmoja: unaoonyesha Mpweke akigeuka na kurudi kama tutakavyo sisi, bila kuguswa. Nikiupata, eda ikiisha narudi kazini kwangu. Nikiukosa sina pa kurudi. Nitabaki katika nyumba hii, chumba hiki na pazia hili, mpaka na mimi wanisemee Mungu ndiye mwenye kujua.

Jumanne asubuhi Tarcis akapiga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ameamkaje?"

"Ametulia. Sijamgusa tangu jana."

"Usimguse kabisa. Jana nilimkaribia mara moja tu, akageuka palepale."

"Na Jirani?"

"Jirani mchokoze polepole, huyo mzito, hana haraka. Ukimpata Jirani umempata na yeye."

"Akikataa je?"

"Hatakataa. Tarcis, huyu nampenda kuliko wote niliowahi kuwapata. Akinipotea Ijumaa, nitampata wapi mwingine?"

Nilisikia kanga ikipita nyuma ya pazia. Sikujali, maana katika nyumba ile kanga zinapita tangu alfajiri. Tukakubaliana kwamba mchana tutaanza kumpima kwa dhati, nikaenda kutawadha.

Niliporudi kutoka kwenye sala, ruta haikuwepo. Mezani ulibaki waya umelala peke yake, na alama ya mraba kwenye vumbi. Nikatoka uani. Mama alikuwa ameinama juu ya ungo anachambua mchele.

"Mama, ruta iko wapi?"

"Iulize nafsi yako," alisema, bila kuinua uso.

Niliiuliza. Haikujua. Nikamuuliza yeye tena, na tena, sauti ikipanda, na yeye akaendelea kutoa chuya mojamoja kana kwamba mimi ni redio ya jirani. Jioni ile chakula kililetwa kimefunikwa kawa, kikawekwa mlangoni kwangu bila neno. Kilikuwa kitamu. Hata hicho kilinikera.

Jumatano akaja Bi Esha. Bi Esha ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mnene mwenye pumzi fupi, ambaye nyumba yake ni mpya na imeegemea yetu upande wa chumba changu. Alijishusha mkekani kwa hatua, akaguna, akajipepea na ncha ya ushungi.

"Mke wa Yusuf, mimi mjumbe, na mjumbe hauawi."

"Sema, Bi Esha."

"Mama mkweo anasema una mwanamume huko Uzunguni."

Niliinamisha macho mkekani. Akadhani nimekiri.

"Kasikia kwa masikio yake. Yumo ndani ya eda, anasema, kaburi la mwanangu halijaota nyasi, na yeye anasema anampenda huyo kuliko wote aliowahi kuwapata." Bi Esha akainama, akashusha sauti. "Wangapi, mwanangu?"

"Bi Esha..."

"Tena kuna jirani mtu, mzito mzito hivi, ndiye kuwadi wenu."

Hapo nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu niliposhuka uwanja wa ndege, na kicheko kikaja chote kwa pamoja, nikashika mbavu, machozi yakanitoka. Mjane anayecheka nyuma ya pazia hajitetei. Uani nilisikia ungo ukiwekwa chini.

Basi nikatoka na kompyuta mikononi, nikaketi kwenye sakafu mbele ya mama, nikamwonyesha. Picha za zamani zilikuwa zimehifadhiwa. Kwenye picha Mpweke ni kijiuvimbe cha mviringo, na Jirani ni kingine pembeni, kimezidi kidogo kwa unene.

"Mama, mwanamume wangu ni huyu hapa."

Aliinamia kioo. Alitoa miwani, akaivaa. "Hiki kijitumbua?"

"Ndiyo. Na kuwadi ni kile kitumbua kingine. Ni chembe tu, mama. Ni ndogo hata vumbi ni mlima kwake. Kazi yangu ni kuigeuza."

Nilimweleza yote, mashine, sindano, baridi, Ijumaa. Alisikiliza vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu. Bi Esha mlangoni alikuwa anasema "Subhana" kila baada ya sentensi.

"Sasa kama ni kitu," mama aliuliza, "mbona unamwita huyu? Mbona kalala, kaamka, kageuka?"

"Mazoea tu."

"Mtu hamzoei kitu akakiita yeye."

Ningeweza kunyamaza. Lakini ruta ilikuwa imefungiwa, siku zilikuwa zinakwisha, na kibiriti kikawaka. "Mbona wewe unasema Yusuf hapendi chumvi nyingi? Si ungesema hakupenda? Kila mtu na sarufi yake!"

Neno likishatoka halina mkia wa kulivutia. Mama alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. Nilitaka kumshika miguu. Sikumshika, kwa kiburi.

"Jana kutwa nilikuwa namwomba Mungu asiwe mwanamume," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Sasa nasema, bora angekuwa. Mwanamume ningejua la kumfanya. Ningemsema kwa wazee wako, ningemuapiza, na kama ungemfuata, angezeeka, angekuudhi, ungenikumbuka. Hiki kijitumbua nitakifanya nini? Hiki hakitakuudhi kamwe."

"Mama, nirudishie ruta."

"Iko kwenye kasha langu. Itatoka siku utakayovua nyeupe."

"Ijumaa wanapasha mashine joto."

"Najua," alisema, akachukua ungo wake. "Nilisikia."

Kumbe aliyekosea kusikia ni yuleyule aliyesikia barabara. Nilirudi chumbani nikatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Nilipochoka kutembea nikavaa baibui. Sheria inamruhusu mwenye eda kutoka mchana kwa haja yake, hilo nalijua na mama analijua. Hoteli yenye intaneti iko mitaa michache tu kutoka pale. Nilibeba kompyuta chini ya kwapa nikaenda mlango wa mbele.

Mlango ulikuwa wazi, kama unavyokuwa kila mchana. Mama alikuwa ameketi ukumbini, kwenye kigoda, njiani kabisa. Nilijiandaa kwa maneno. Nilikuwa nayo mengi, ya Kiswahili na ya Kijerumani. Aliniangalia, akaangalia kompyuta, kisha akavuta miguu yake pembeni ili nipite.

Angenizuia, ningepita. Wallahi ningepita, na mlango ningeubamiza. Lakini mtu akishakuvutia miguu utamrukaje? Nje niliona wanawake wawili wamesimama kivulini wakizungumza, wakaniona, mmoja akaacha neno katikati. Kabla ya alasiri mji wote ungejua kwamba mke wa Yusuf hakumzika, na kumkalia eda nako kumemshinda. Si mimi ambaye ningebaki kuyasikia hayo kila siku. Ni huyu kwenye kigoda. Nilisimama kizingitini mpaka mkono uliobeba kompyuta ukafa ganzi. Kisha nikageuka, nikavua baibui, nikaitundika. Nilimchukia, nikamwonea huruma, na nikajichukia mimi kuliko yeye, yote kwa mpigo mmoja, na hakuna hata moja kati ya hayo lililonisogeza hatua.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mama alipokwenda kujinyoosha, Bi Esha aliingia bila kubisha. Alikuwa hana raha. Mjumbe hauawi, lakini roho inamsuta.

"Umesema ukitaka kumgeuza yule wako, humgusi yeye," alinong'ona. "Unamgusa jirani."

"Ndiyo."

"Mzito."

"Ndiyo, Bi Esha."

Alijitazama tumbo, akanitazama. "Basi nipo. Sogeza kabati."

Sikuelewa. Alisukuma kabati mwenyewe kwa nyonga, likalia, tukasimama kusikiliza. Mama hakuamka. Nyuma ya kabati, usawa wa bega, kulikuwa na tundu ukutani, la kutosha ngumi kupita, chokaa ikimomonyoka pembeni. Lilitokea upande wa pili. Niliona mwanga wa chumba cha Bi Esha, na kipande cha kalenda.

"Kwangu mtandao umejaa tele," alisema. "Nitaingiza simu humu, nitaishika. Wewe vuta kutoka huko."

"Hili tundu nani alilitoboa?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jina la baba yake. "Mumeo, nani mwingine? Akija likizo kutoka Saadani alikuwa anaegemea hapa hapa, mimi nampa simu kwa upande wangu, anaongea na wewe. Saa nzima. Mkono wangu huu unajua."

Nilikaa kitandani. Miaka yote ile Yusuf alipokuwa akinipigia kwa video kutoka nyumbani, bega lake moja lilikuwa na chokaa. Nilikuwa nikimtania: askari wa wanyamapori hawezi hata kujipangusa. Sauti yake ilikuja na mwangwi, mfano wa mtu anayesemea mtungini, nami nikamwambia siku moja, kwa hasira zangu, atafute mahali pa maana pa kupigia simu. Alicheka akasema hapa ndipo pa maana. Sikuuliza zaidi. Nililia kidogo, Bi Esha akanipiga kofi la mgongo kwa upole, akasema nitalia kesho, leo kuna kazi.

Alizunguka kwake. Muda mfupi baadaye mkono wake ukajitokeza tunduni mpaka kwenye kifundo, na simu kwenye vidole.

"Sogeza kidogo," nilisema.

"Hivyo?"

"Kidogo tena. Basi! Hapohapo. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

Kompyuta ilishika mtandao wa simu. Sura ya Tarcis ikatokea, nywele timutimu. "Dada! Nilishakukatia tamaa. Kesho asubuhi wanakuja kumpasha."

"Yuko?"

"Yupo. Nimekaa naye. Sindano nimeinyanyua, sijamgusa."

Nikashusha sindano juu ya Jirani, kwa kiasi ambacho hakina jina la kila siku. Elektroni zikaanza kupenya. Maabara tumezoea kuugeuza mkondo ule kuwa sauti, ili masikio yafanye kazi macho yanapochoka, na sauti hiyo ikajaa chumbani, mvumo mwembamba wa nyuki aliye mbali. Nikaanza kumchokoza Jirani kwa mapigo mafupi, kisha marefu zaidi, na kila mara kompyuta ikaweka nukta moja kwenye kioo. Kama Mpweke anatii, nukta zingepanda, zishuke, zipande tena, kwa mpangilio. Kama hatii, zingetapakaa tu. Nukta za kwanza zilipanda. Zilizofuata zikaanza kushuka. Nikashika pindo la meza. Ilibaki zipande tena, na hapo ndipo hakuna wa kubisha.

Pazia likafunguka.

Mama alikuwa hana ushungi, nywele zake nyeupe zimelala upande mmoja. Aliangalia kabati lililosogezwa. Aliangalia mkono mnene uliotoka ukutani umeshika simu. Kisha aliniangalia mimi. Nilijua kinachofuata. Alikuwa karibu na tundu kuliko mimi. Angenyoosha tu kidole, simu ingeanguka, na yangekwisha.

"Mama," nilisema.

Alinyoosha mkono.

"Mama Yusuf," sauti ya Bi Esha ikatoka ndani ya ukuta, "mwache amalize. Mwanao naye alikuwa anapitia hapa."

Mkono ulisimama hewani. "Anapitia wapi?"

"Hapa tunduni. Kuongea na mkewe. Alilitoboa mwenyewe kwa msumari na nyundo, akaniapisha nisikwambie, maana ungesema anabomoa nyumba ya babu yake."

Kidole cha mama kiligusa ukingo wa tundu, chokaa ikaanguka kidogo. Akakizungusha taratibu, palepale ambapo bega lingeegemea.

"Aliniambia ni panya," alisema. "Nilimsikia akigonga, nikamuuliza, akasema mama, ni panya. Nikanunua sumu."

Alitafuta pa kuketi, akakaa kitandani kwangu, upande wa ukuta, kidole bado kiko ukingoni mwa tundu. Simu haikutikisika. Nyuma yangu nukta zilikuwa zimeendelea zenyewe, kazi ya mapigo nilikuwa nimeshaipanga, na sikuthubutu kugusa chochote. Tulikaa hivyo, mimi, yeye na mkono wa Bi Esha, tukisikiliza ule mvumo ukipanda na kushuka.

"Kageuka?" mama aliuliza.

"Kageuka."

"Halafu?"

Nilitazama kioo. Nukta zilikuwa zinapanda mara ya pili, moja baada ya nyingine, laini, bila wasiwasi. "Halafu karudi. Sasa anageuka tena."

"Dada!" Tarcis alipiga kelele kutoka Ujerumani, hajui yuko mbele ya nani. "Dada, umepata! Mkataba huo! Umerudi kazini, dada!"

Mama alisikia. Kwenye chumba kile kila kitu husikika. Nilipunguza sauti nikiwa nimechelewa, nikamwambia Tarcis ahifadhi mchoro, anyanyue sindano, amwache Mpweke alale. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Niliisubiri furaha kifuani mwangu, na ikaja kweli, lakini ilinikuta sina pa kuiweka, maana kitanda kilikuwa kimekaliwa.

"Kesho wanampasha joto?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Atakwenda wapi?"

"Hakuna ajuaye. Popote. Akipata joto hakai."

Alifikiri juu ya hilo. Uso wake haukuwa na ukali wowote, na ningefurahi kama ungekuwa nao.

"Mimi siku zote nilidhani joto ndilo linalomweka mtu," alisema.

Niliinuka nikaketi kando yake. Nilitaka kumwambia nitakuja kila mwaka, nitapiga simu kila siku, nitamwita mama popote nilipo. Yusuf alikuwa ameshamwambia yote hayo alipokwenda Saadani, na Saadani si mbali. Nikamshika mkono uliobaki, nao ulikuwa wa moto.

"Jamani," Bi Esha aliita kutoka ukutani, "mmemaliza? Nitoe mkono?"

Kidole cha mama kilikuwa bado kwenye ukingo wa tundu.